Enanga Mpaka Chini

Jumapili, 15 Septemba

Fundi wa kompyuta wa Kayanga ameniambia niandike kila kinanda kinapokatika: ilikuwa siku gani, nilikuwa napiga nini, nani alikuwa karibu yangu, umeme ulikuwa wa aina gani. Aliongea kwa upole kama daktari anayejua hana dawa. Haya, naandika.

Leo kimekatika katikati ya wimbo wa sadaka. Kinanda changu hakina sauti yake. Ni vibao vyeupe na vyeusi tu. Sauti zote zimo ndani ya kompyuta, na kati ya hivyo viwili kuna waya mmoja wa USB. Waya ukiyumba, hata kwa kufumba na kufumbua, programu inaandika kwamba kifaa hakionekani. Ukiuchomeka tena haijali. Inabidi ufunge programu yote, uchomeke kinanda kwanza, ndipo ufungue programu, halafu ukae kusubiri sauti zijipakie upya. Ukigeuza mpangilio, unaanza mwanzo. Na muda wote huo kanisa zima linakutazama mgongo.

Cha leo kilikuwa kibaya zaidi kwa sababu kidole kilikuwa bado kimekandamiza ogani. Waya ulipokatika, kompyuta haikupata habari kwamba nimeachia. Ogani ikaendelea kulia noti moja kama ng'ombe aliyesahauliwa malishoni. Mchungaji alisubiri, akachoka, akaanza sala juu yake. Nilipozima spika watu wakasema amina, na sijui ilikuwa ya sala au ya kimya.

Vestina, jirani yetu anayeimba sauti ya pili, alinifuata nje. "Pole mdogo wangu. Shetani hapendi sifa." Nikamjibu kwamba shetani hana haja ya kuhangaika, waya unamtosha.

Aliyekuwa karibu yangu: kwaya nzima. Umeme: wa kawaida, ukichezacheza kwa sababu ya mawingu.

Jumatano, 18 Septemba

Fundi hakuuliza habari za baba, lakini daftari ni langu.

Baba yangu ni mzee Rwegasira. Hapa Kaisho anajulikana kwa kahawa inayokaushwa vizuri na kwa enanga, ule ubao mrefu uliochimbwa katikati, unaovutwa nyuzi na kulazwa mapajani. Babu alimrithisha yeye, naye akamfundisha kaka yangu Gideon. Mimi nilifundishwa kuchambua maharage. Enanga ya kwetu haijapigwa na mtoto wa kike, ndivyo nilivyoambiwa, na nikionekana karibu nayo nilifukuzwa kama kuku kwenye kahawa iliyoanikwa. Gideon alijifunza vizuri sana, akawa dereva wa malori, akaacha.

Mwaka huu baba alipoanza kushindwa kumeza, nilimwomba apige uzi mmoja mmoja, kwa nguvu na kwa upole, nikanasa kila mlio kwenye kompyuta. Aliona nimechanganyikiwa. Nilipobonyeza kibao kimoja na uzi wake ukalia, alikwenda kuchungulia nyuma ya spika. "Nani amejificha humu?" Akacheka mpaka akakohoa.

Kisha Mwanza, hospitali, vipimo. Wakatueleza kwa adabu kwamba ni saratani ya koo, na kwamba tumechelewa, wakaturudisha nyumbani. Tukakuta paa limevuja. Enanga ilikuwa imelowa, ikakauka, ikapasuka kutoka kichwani hadi mkiani. Baba aliishika, akaigeuza, akaiweka chini ya kitanda.

Kwa hiyo enanga ya ukoo wetu imebaki mahali pamoja tu, kwenye kompyuta yenye tundu moja zima la USB.

Jana jioni aliniita. Sauti yake sasa ni pumzi tu, inabidi umsogelee mdomoni.

"Joviana, mwana wange. Ule wa kusindikiza unaujua?"

Naujua. Babu alikuwa akiupiga mgeni anapoondoka. Mgeni anasindikizwa kupita migombani, enanga inalia nyuma yake, na haikomi mpaka avuke mpaka wa shamba. Ukiikatisha mgeni akiwa bado ndani, umemfukuza.

"Siku ya kunizika," akasema, "uupige wanaponishusha. Kwaya wasiimbe kwanza. Upige mpaka niguse chini. Usikatishe."

Nikamwambia sawa baba. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko, na hasira zangu zote nilizielekeza kwenye ule waya.

Jumapili, 22 Septemba

Hakikukatika. Mvua. Jana tumepanda maharage.

Jumapili, 29 Septemba

Nimemkamata mchawi, na ni Vestina.

Jana tulipiga kwenye harusi Bugomora. Hakuna umeme pale, tulitumia jenereta ya kanisa inayoendeshwa na Niyomugabo, ambaye alikuja kutoka Burundi akiwa mtoto na sasa hakuna shimo, kisima wala injini inayochimbwa au kuwashwa Kaisho bila yeye. Maharusi wanaingia, napiga, waya ukakata. Nikafunga, nikafungua, nikasubiri. Wanakata keki, ukakata tena. Mwalimu Winston, kiongozi wetu wa kwaya, akatoa macho kama anatazama ajali. Nikainama chini ya meza kushika waya wenyewe, nikaona kitu.

Kompyuta ina tundu moja zima, kwa hiyo natumia kigawanyo, kile kidude chenye matundu manne. Moja ni la kinanda, moja la kadi ya sauti, moja la kipanya. Kwenye la nne palikuwa na waya mweupe ambao si wangu. Nikaufuata. Ulipita chini ya kitambaa, nyuma ya kiti, ukaishia kwenye pochi ya Vestina. Ndani ya pochi, simu inachaji kwa amani.

Kinanda kinakula umeme wa tundu hilo hilo. Simu ikianza kunywa, kinanda kinazirai.

"Simu ni ndogo tu," akasema Vestina. "Inakunywa kidogo."

"Inakunywa kinanda!"

Nikapiga kelele mbele ya wageni. Nikakumbuka Jumapili zote, na kila mara Vestina alikuwa kulia kwangu na pochi yake miguuni. Nikamwambia kwamba yeye ndiye shetani asiyependa sifa. Watu walicheka, yeye hakucheka. Alichomoa waya wake, akaukunja polepole, akaondoka kwa miguu kabla ya chakula.

Jumatano, 2 Oktoba

Habari za Bugomora zilifika nyumbani kabla yangu. Leo mama ndipo alipozungumza, tukimenya ndizi.

"Umemfukuza Vestina kwenye moto."

"Mama, ni umeme wa kompyuta, siyo moto."

"Kwao kuna umeme?"

Hakuna. Nguzo ziliishia kwetu.

Mama, Benadeta binti wa watu wa Rugu, haongei sana, na akiongea haongezi sauti. Aliniambia kwamba zamani kiberiti kilikuwa cha wachache. Moto ukizimika, mtoto alitumwa kwa jirani na majani makavu ya mgomba, anaweka kaa la moto katikati, anakimbia akipuliza. Kule Rugu kuna boma moja ambalo siku moja lilimrudisha mtoto mikono mitupu. Wenye boma walishakufa wote, wajukuu wana bati jipya na televisheni, na bado wanaitwa wanyima moto. Binti zao wanachumbiwa kwa shida.

"Popote panapowashwa kitu, watu watakuja na simu zao," akasema. "Hawakuchokozi. Wanaomba moto."

Nilikwenda kwa Vestina na mkungu wa ndizi na aibu. "Shikamoo dada." Akaitikia, akanipa kiti, akaniacha nikae kimya muda wa kutosha kujua kwamba amenikasirikia. Kisha akaleta chai.

Alhamisi, 10 Oktoba

Baba anakunywa maziwa tu, na hayo yanarudi nusu. Mikono yake imekuwa myepesi.

Mwalimu Winston alikuja kumwona. Akiwa anaaga alinivuta pembeni ya kibaraza, akaongea akitazama viatu vyake. "Joviana, ule wa mzee, kwa nini usiurekodi mzima mzima? Siku ikifika unabonyeza tu. Waya ukikatika, hautajali."

Lilikuwa wazo la akili. Nilimpelekea baba nikiwa nimelifurahia. Akafumba macho muda mrefu, nikadhani amelala.

"Nisizikwe na redio," akasema.

Basi.

Jumapili, 13 Oktoba

Kigawanyo kipya kimefika na basi la Bukoba. Hiki kina waya wake wa ukutani, kinakula umeme wake chenyewe, hakimnyonyi mtu. Leo kanisani simu mbili zilichaji na kinanda kikalia bila kuyumba. Vestina alinikonyeza. Nimepiga kama mtu aliyefunguliwa jela.

Alhamisi, 17 Oktoba

Radi. Mgomba wa karibu na choo umepasuka katikati, na kigawanyo kipya kinanuka mpira ulioungua. Nilikuwa nimekiacha ukutani. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, katika mwezi wa radi.

Duka la Bukoba wanasema vingine labda Januari.

Nimekaa nacho mapajani nikikinusa. Baba ana muda gani? Hakuna anayesema Januari.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimepata jambo. Humo ndani ya programu, chini kabisa ya ukurasa ambao sijawahi kuufungua, kuna sehemu ya kuiamuru itafute vifaa upya bila kufungwa. Kinanda kikianguka, nakichomeka, nabonyeza hapo, inatazama huku na huku, kisha taa ndogo ya kijani inawaka na sauti zipo palepale. Ni sawa na kumeza mate mara mbili. Miaka yote nimekuwa nikibomoa nyumba ili kufungua dirisha.

Ila ina ujinga wake. Kinanda kikirudi kwenye tundu jingine, inakiona kama mgeni asiyejulikana, na enanga haitoki. Lazima kirudi tundu lile lile. Nimepaka tundu lake rangi nyekundu ya kucha, ya Vestina. Naye amejiteua mlinzi. Jumapili atakaa kwenye kigoda kando ya kigawanyo cha zamani, na anayekuja na simu atamwelekeza kwenye soketi ya ukutani au, kama tuko kwenye jenereta, kwenye waya wa Niyomugabo.

"Nawajua hawa," anasema. "Nilikuwa mmoja wao."

Jumapili, 27 Oktoba

Kilikatika mara moja kwa sababu ya mtoto aliyejikwaa. Kijani, hapo hapo. Hakuna aliyegundua isipokuwa Winston, akatabasamu.

Jumanne, 5 Novemba

Leo nimempigia baba ule wa kusindikiza, mzima, chumbani kwake. Niliingiza kinanda, kompyuta na spika ndogo, kitanda kikabaki na njia ya mtu mmoja. Aligeuzwa na mama akatazama mikono yangu.

Hajawahi kutazama mikono yangu ikipiga enanga. Alikuwa akisikiliza kutoka kibarazani kila mara, amenipa mgongo, kana kwamba anayepiga ni mtu mwingine. Leo alitazama. Vidole vyake vilikuwa vinasogea juu ya blanketi.

Nilipomaliza akaniita mdomoni.

"Uzi wa tatu unauharakisha. Mgeni ana mzigo kichwani. Mwache atembee."

Nikarudia. Nikamwacha mgeni atembee. Uzi wa tatu ukakaa mahali pake, na nikasikia kwa mara ya kwanza jinsi wimbo wote unavyomngoja. Baba akafumba macho, akatikisa kichwa kidogo, ile ya kukubali. Miaka yangu yote nilikuwa nikiitaka hiyo na niliiona ikienda kwa Gideon. Nimeipata leo, kutoka kwa mtu asiyeweza kumeza maji.

Gideon alipiga simu jioni. Yuko njiani kuelekea Tunduma na mzigo. Mama alimwekea simu baba sikioni. Sikusikia alichosema kaka, ila baba alikuwa akitikisa kichwa kama Gideon anamwona.

Alhamisi, 14 Novemba

Senene wameanguka. Kijiji kizima kimejaa taa na mabati ya kuwanasa, jenereta ya kanisa imeazimwa, watu wanacheka barabarani. Mama alikaanga kidogo. Baba aliomba aletewe sahani karibu, akanusa, akasema irudishwe tule sisi. Hatukula.

Jumanne, 19 Novemba

Baba ametutoka asubuhi, mama akimfuta uso.

Jumatano, 20 Novemba

Watu wamejaa. Turubai mbili, nyasi zimetandikwa, moto wa msiba umewashwa uani. Niyomugabo na wenzake wanachimba nyuma ya nyumba, kati ya migomba na kahawa, mahali baba alipopachagua mwenyewe. Gideon amekwama mpakani Tunduma, lori halitoki na halirudi. Mchungaji hawezi kusogeza siku. Kaka analia kwenye simu kama mtoto. Mama amemwambia, "Utaona. Nitakushikia simu, utaona kila kitu."

Nimejaribu kila kitu mara nyingi. Kinanda kwenye tundu jekundu. Kijani. Vestina amekuja na kigoda chake.

Ijumaa, 22 Novemba

Naandika ya jana.

Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, ardhi ikawa ya kuteleza. Jenereta iliwekwa mbali, upande wa jiko, isisumbue. Meza yangu iliwekwa karibu sana na kaburi, hatua chache tu, chini ya turubai la wafiwa, kwa sababu niliomba hivyo. Nilitaka nimwone anaposhuka, niende naye. Mama alikaa kwenye mkeka kulia kwangu, Vestina kwenye kigoda katikati yetu, kigawanyo miguuni pake. Mama alishika simu kubwa ya Gideon, ile aliyomletea mwaka juzi. Kwenye kioo alikuwemo Gideon, uso wote, nyuma yake ukuta wa lori.

Simu zilikuja, kama kawaida. Nilimwona Vestina akiwaelekeza wenye nyaya kwenda kwa Niyomugabo, kwa sauti ya chini, kwa heshima. Shemeji wa mchungaji alisisitiza, akamzuia kwa kiganja. Nikasema moyoni, Mungu akubariki wewe mwanamke.

Ibada ikaisha. Wanaume wanne wakashika kamba, Niyomugabo upande wa kichwa. Mwalimu Winston akawageukia kwaya, akaweka kidole mdomoni: wasiimbe mpaka enanga imalize. Akaniangalia. Nikaanza.

Nilianza vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Uzi wa kwanza ulitoka kwenye spika ukaingia migombani, na wazee wawili upande wa pili walinyanyua vichwa, maana waliutambua mkono wa Rwegasira. Jeneza likaondoka kwenye magogo, likaanza kushuka. Nikafika uzi wa tatu, nikamwacha mgeni atembee.

Kisha kimya.

Vibao vilikuwa chini ya vidole vyangu na havisemi. Kwenye kioo cha kompyuta: kifaa hakionekani. Nikabonyeza itafute upya. Kijani kikawaka, nikagusa, uzi mmoja ukalia, kikazima. Nikabonyeza tena. Kikawaka, kikazima. Ndipo nikaangalia chini.

Tundu la nne lilikuwa na waya. Uliishia mkononi mwa mama.

Simu yake ilikuwa inakaribia kuzima. Hakusema kitu na mtu. Aliinama tu, akaona tundu tupu karibu na goti lake, akachomeka, kama mtu anayesogeza kuni kwenye moto wake mwenyewe. Vestina alikuwa ameuona mkono ule ukipita. Aliniangalia, mdomo wazi, viganja vyote viwili hewani, na hakuweza kuvishusha. Nani angemzuia mjane asimwonyeshe mwanawe kaburi la baba yake?

Kuuchomoa ni kazi ya vidole viwili. Niliunyooshea mkono, nikaushika. Gideon alikuwa anatazama kutoka kwenye kioo, pua inamchuruzika, hapepesi macho, na mama ameikaza simu kuelekea shimoni kwa mikono yote miwili inayotetemeka. Nilijua nikichomoa, simu itazima hapo hapo.

Niliuachia.

Nikachomoa kipanya badala yake. Nilidhani nikipunguza walaji, kinanda kitapata chake. Nikafunga programu, nikaifungua. Ule mstari wa kupakia sauti ukaanza kutambaa. Nilikuwa nimeinama, pua yangu karibu iguse kioo, nasema twende, twende, twende. Wanaume hawangeweza kusubiri. Jeneza likishaanza kushuka halisimamishwi, na kamba zilikuwa zimelowa. Kwaya haikuimba kwa sababu ilikatazwa. Winston alinyanyua mkono, akaushusha, akaunyanyua. Kitu pekee kilichosikika ni jenereta kule jikoni na kamba zikisugua mbao.

Mstari ukajaa. Kijani kikawaka na hakikuzima. Nikaweka vidole, nikapiga uzi wa kwanza, safi kabisa, nikainua kichwa nimtazame baba.

Niyomugabo alikuwa na sepetu. Udongo ulikuwa umeshafunika mbao.

Sijui nilipiga nini baada ya hapo. Wanasema kwaya iliimba vizuri. Mchungaji alinishika bega akaniambia vyombo ni vyombo. Vestina alikuja kupiga magoti mbele yangu jikoni, katikati ya masufuria, analia. "Nisamehe. Ningemnyima mama?"

"Inuka dada. Hata mimi sikumnyima."

Mama hajui. Alinisifu. Alisema enanga ililia kama baba yuko hai. Yeye macho yake yalikuwa shimoni, na masikio yake sijui yalikuwa wapi. Sitamwambia. Lakini nilikuwa karibu na baba yangu kuliko mtu yeyote pale isipokuwa wenye kamba, na sikumwona akishuka. Nilikuwa natazama mstari ukitambaa. Nimelala na hilo, nimeamka nalo, nalo haliondoki.

Jumapili, 24 Novemba

Sikwenda kanisani. Gideon alipiga simu, bado yuko Tunduma.

"Nimeona yote, dada," akasema. "Mama hakutetemeka hata kidogo." Alitetemeka sana. "Ila wewe sikukuona. Ulikuwa wapi?"

"Kwenye kinanda."

"Ahaa. Simu ilikuwa imeelekea shimoni."

Nikamwambia, "Kaka, nielezee alivyoshuka."

Hakuuliza kwa nini. Labda alidhani machozi yalinizuia. Akanielezea polepole kama mtu anayeelekeza njia. Miguu ilitangulia kidogo, Niyomugabo akasema neno, wakasawazisha. Jani la mgomba lilikuwa limeanguka juu ya jeneza, likashuka nalo. Chini kulikuwa na maji kidogo ya mvua. Alipogusa, Niyomugabo alipiga goti, akachungulia, akaachia kamba yake ya mwisho kwa upole, akaifuta mikono kifuani. Nilifumba macho nikamwona. Nimemwona baba yangu akizikwa kupitia mdomo wa mtu aliyekuwa Tunduma.

"Lakini enanga," akasema Gideon. "Ilianza nikaisikia, nikasema huyu ni baba kabisa. Kisha ikapotea, sauti yote ikawa mvumo tu. Mtandao wa huku ni mbovu." Akavuta pumzi. "Ulipiga mpaka chini?"

Watu walikuwa wengi pale. Atakuja kuambiwa, kama si mwaka huu, mwakani.

"Nilipiga," nikasema. "Mpaka chini."

Akalia kwa sauti, mtu mzima, huko kwenye lori lake. "Basi amevuka vizuri," akasema. "Asante, Joviana. Mimi nisingeweza."

Fundi wa Kayanga alisema niandike, kwa hiyo naandika. Alhamisi, 21 Novemba. Nilikuwa napiga ule wa kusindikiza. Aliyekuwa karibu yangu ni mama. Umeme ulikuwa wa jenereta. Kinanda kilikatika mgeni akiwa bado ndani ya shamba.